Namna ya Kupanda Newala Mwezi wa Saba na Hita Isiyopasha

Gari lako umelinunua kwa hela ya korosho. Mnada ulifunguliwa Oktoba, chama cha msingi kikalipa, ukapanda basi hadi Dar es Salaam, ukarudi na Noah inayong'aa. Pale yadi uliwasha redio, ikaimba. Ukawasha kiyoyozi, kikakupuliza usoni, ukaridhika, ukalipa. Ile swichi yenye rangi nyekundu hukuigusa, na nani angeigusa Dar es Salaam mwezi wa kumi na moja? Sasa ni Julai. Kipupwe kimekolea, upepo wa kusi haujatulia tangu jana, ukungu umefunika bonde la Shimo la Mungu, na shemeji yako aliyekuja kutoka Mtwara na shati la mikono mifupi amekaa kiti cha mbele anasugua viganja.

"Shemeji, hili gari halina hita?"

Mjibu hivi: "Ipo, inachukua muda kupata moto." Hapo umepata robo saa ya heshima. Tuitumie vizuri.

Kwanza, jua unachokidai. Jibu ulilompa shemeji ni la kweli. Hita ya gari lako haina moto wake yenyewe. Ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji ya moto ya injini yanapita ndani yake, feni inapuliza hewa katikati ya mapezi yake, na joto linakufikia miguuni. Injini ikiwa ya baridi, hita nayo ni ya baridi, na hakuna ujanja wa kuiharakisha zaidi ya kuondoka taratibu. Kuliacha gari linanguruma uwanjani huku mnapiga soga kunachoma mafuta tu, hasa likiwa la dizeli.

Injini ya petroli hugeuza kama theluthi tu ya mafuta kuwa mwendo. Kinachobaki ni joto, na sehemu kubwa ya joto hilo hubebwa na maji ya rejeta. Umeshalilipia pale sheli. Likitokea rejeta kubwa ya mbele, unaugawia upepo wa uwanda wa Makonde. Likitokea ile ndogo, linabaki na watu wako. Na mtu asikuambie kwamba magari haya hayakuumbiwa baridi. Gari lililotengenezewa soko la Japani lilitarajiwa kufanya kazi hata Hokkaido, kwa watu wanaolifukua kwenye theluji kabla ya kwenda kazini. Hita yake ikiwa nzima inaweza kukutoa jasho Newala mwezi wa saba. Isipopasha, ujue kuna mtu aliizima.

Pili, mtafute aliyeizima. Injini ikishapata moto, egesha, zima, fungua boneti. Kwenye Hiace na zile Noah za zamani utalazimika kuinua viti vya mbele, maana injini imelala chini yake. Tafuta mipira miwili ya maji, unene wa kidole gumba, inayoelekea ndani ya gari. Ishike mmoja mmoja kwa ncha za vidole, upesi, maana inaweza kuunguza.

Yote miwili ni ya moto? Maji yanapita, kasoro iko kwenye feni, au kwenye kile kibao cha ndani kinachochagua hewa ya moto na ya baridi. Mmoja wa moto na mwingine wa baridi? Rejeta ndogo imeziba kwa kutu, au valvu yake imeganda kwa sababu tangu gari lishushwe bandarini hakuna aliyeizungusha. Yote vuguvugu? Maji yamepungua, au themostati haipo, tutafika huko. Na ukikuta mpira mmoja tu, unatoka kwenye injini, unakunjwa, unarudi kwenye injini bila kuingia ndani, basi umempata mtu wako. Hita ilianza kuvuja, zulia la upande wa abiria likalowa, kioo kikawa kinashika mvuke wenye harufu tamu tamu. Fundi akatazama dashibodi, akaona kuivua yote ni kazi ya siku nzima, akaunganisha mpira moja kwa moja. Mvujo ukaisha. Mwenye gari akaliosha, akalipeleka yadi.

Ukaguzi huu una faida nyingine. Ufanye mbele ya watu. Shika mpira, shika wa pili, tikisa kichwa, sema "valvu" kwa sauti ya chini, funga boneti. Hakuna abiria atakayelalamika tena hadi mwisho wa safari. Watu huvumilia ubovu uliotajwa jina kuliko ubovu usiojulikana. Lakini ukifika, itengeneze kweli.

Tatu, rudisha themostati. Hapa nitakaa kidogo, maana nusu ya baridi inayoliwa na abiria wa kusini inatokea hapa.

Themostati ni kidude cha kuingia kiganjani, chenye springi na kipande cha nta ndani yake. Kwenye Toyota nyingi utakuta kimechapwa namba 82. Maana yake ni kwamba maji yasipofika nyuzi 82 mlango umefungwa, hayaendi rejeta ya mbele. Yanazunguka kwenye injini na kwenye hita tu mpaka yapate moto. Yakifika, mlango unafunguka taratibu. Ndicho kinachofanya hita ipashe mapema na injini ikae kwenye joto lake hata ukiwa kwenye ukungu.

Sasa gari linachemsha siku moja kwenye mlima. Fundi anakitoa, anakirusha kwenye kopo la skrepa, anakwambia: "Bosi, huku joto, hiki hakina kazi." Mshale wa temperecha unashuka chini, wewe unafurahi, unamlipa. Unachokikosa ni hiki: kuanzia siku hiyo maji yanapitia rejeta kubwa muda wote. Alfajiri, ukiteremka kutoka Newala kwenda Masasi, mguu haujagusa mafuta, upepo unapiga mbele, injini haipati moto hata mkivuka daraja la Mwiti. Hita inapumua hewa ya vuguvugu. Injini inadhani bado ni saa ya kuamka, inaomba mafuta ya ziada, na chuma kinasagika. Tena kwenye injini kadhaa themostati hiyo hiyo ndiyo huziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoozwa, na gari linaweza kuchemsha vilevile kwenye mlima ule ule.

Usigombane na fundi. Mwenye gereji naye ana jina la kulinda. Mwambie: "Fundi, nina mgeni mzee anasumbuliwa na baridi, nifungie themostati mpya kwa muda." Muda huo ukiisha, usimwambie aitoe tena. Mgeni mzee halazimiki kuwepo, ingawa Newala hutamkosa.

Kabla haijafungwa, ijaribu. Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, chemsha, tazama. Ikifunguka kabla maji hayajaanza kutokota kwa nguvu, na ikajifunga yakipoa, ni nzima. Muombe mama ruhusa ya sufuria kwanza.

Nne, maji. Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga unaomeza mvua, na maji yake yako mbali chini. Ndiyo sababu akina mama wa Newala waliteremka mabondeni na kupanda na maji vichwani kwa vizazi vingi, na ndiyo sababu wenyeji wengi huvuna maji ya mvua kwenye mabati. Dereva wa uwandani akiishiwa maji ya rejeta humwagia chochote kilichomo kwenye dumu: ya kisima, ya chumvi, ya dimbwi. Chumvichumvi hizo huganda kwenye njia nyembamba kuliko zote, nayo ni rejeta ya hita. Kwa hiyo hita hufa kwanza, na wewe huioni ikifa kwa sababu ni Februari.

Njia fupi unayo nyumbani. Maji ya mvua hayana chokaa. Kama huna kulanti, jaza dumu la lita 5 kwa maji safi ya mvua, lifunge vizuri, liweke nyuma ya kiti, usiwanyweshe kuku. Kulanti bado ni bora, kwa sababu inazuia kutu na kupandisha nyuzi za kuchemka. Mwaga maji machafu yote, jaza mchanganyiko mpya, kisha egesha gari likitazama juu ya kilima, injini ikiwa ya baridi, mfuniko wazi, hita kwenye moto wa mwisho, ndipo uwashe. Mapovu yatatoka. Yakiisha, funga. Hewa iliyonaswa kwenye mipira ya hita imewaudhi watu wengi ambao walikuwa tayari kuvua dashibodi bure.

Mfuniko nao utazame. Umechapwa namba kama 0.9 au 1.1, hiyo ni kanieneo ya kuyabana maji yasichemke mapema. Newala iko meta 700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyobanwa yanachemka huko kwenye nyuzi 98 hivi. Mpira wa mfuniko ukipasuka, umejinyima nyuzi ambazo mlima utakudai. Na mfuniko wa injini ya moto haufunguliwi. Subiri. Waambie abiria wachimbe dawa.

Tano, mlimani. Huu ndio ujanja ninaoupenda kuliko wote, na hauhitaji kumwongopea mtu.

Umetoka Masasi mchana, gari limejaa, magunia yako juu, unaanza kupanda uwanda. Mshale wa temperecha unaondoka katikati. Dereva mwenye haya husimama, hufungua boneti, watu hushuka, na jioni habari imefika Tandahimba kwamba gari lake huchemsha. Wewe usisimame kwanza. Zima kiyoyozi, shusha gia, punguza mguu, halafu washa hita mpaka mwisho na feni mpaka mwisho. Ile rejeta ndogo imekuwa rejeta ya pili ya injini yako. Joto lililokuwa linapanda kwenye silinda hedi sasa linatokea miguuni mwa abiria. Mara nyingi mshale unasimama, kisha unarudi kidogo kidogo.

Abiria watauliza. Jibu: "Huko juu kuna baridi, nawaandaa." Wanafungua vioo, wanacheka, wanavua masweta. Mkifika ukingoni upepo wa kusi unawakuta wameiva, wanafunga vioo wenyewe na kukushukuru. Umeokoa gasketi ya silinda hedi na jina lako kwa swichi moja. Mshale ukiendelea kupanda pamoja na yote hayo, simama. Hapo hakuna tena heshima ya kulinda, kuna injini.

Sita, kuteremka bila themostati. Kama bado hujairudisha na safari ni kesho alfajiri, kata kipande cha boksi, kiweke mbele ya rejeta kufunika kama nusu yake. Upepo hauipigi yote, maji yanapata moto, hita inaamka. Madereva wa nchi za theluji wanafanya hivyo miaka yote. Sharti ni moja: mkifika bondeni, kabla ya kukanyaga mafuta, kitoe. Kiandike kwa kalamu kubwa "NITOE" upande unaotazama kwako ukifungua boneti, na muda wote macho yasibanduke kwenye mshale. Kupanda na boksi ni kununua injini nyingine.

Saba, kioo. Baridi ikikushinda utatetemeka tu. Kioo kikikushinda utagonga mtu. Watu wanane wakipumua ndani ya Noah iliyofungwa, huku nje kuna ukungu, kioo cha mbele huwa cheupe kabla hamjatoka mjini. Na barabarani saa hiyo kuna wanafunzi, kuna baiskeli zenye mkaa, kuna bodaboda zisizo na taa. Usifute kwa kiganja. Mafuta ya mkono yatauvuta mvuke zaidi. Tafuta swichi yenye picha ya gari na mshale unaojizungusha ndani, izime, ili hewa iingie kutoka nje. Elekeza hewa kwenye kioo. Washa hita na kiyoyozi kwa pamoja. Usishangae, kiyoyozi kinakausha hewa na hita inaipasha. Kama kiyoyozi kimekufa, shusha vioo viwili vya kupishana kwa upana wa vidole viwili. Na usiku kabla ya safari, paka kipande kikavu cha sabuni ya mche kwa ndani ya kioo, halafu sugua kwa kitambaa kikavu mpaka kiwe safi kabisa. Mvuke hautashika kirahisi. Abiria watadhani gari lako lina kitu cha pekee. Waache wadhani.

Nane, hita imekufa kabisa na lazima uende. Sasa tunashindwa kwa utaratibu.

Usiondoke saa kumi na moja alfajiri. Ondoka saa tatu, jua likishapanda, na useme unasubiri mzigo. Ukiwa na Hiace au Noah yenye injini chini ya viti vya mbele, viti hivyo vinapashwa bure hata kama hita haipo. Kimoja mpe bibi kizee au mama mwenye mtoto, halafu kijana aliyekuwa amekikalia mwambie nyuma kuna nafasi ya kunyoosha miguu. Mwili wa mtu aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo waketishe watu karibu karibu, ila usizidishe idadi. Chukua chupa ya maji ya moto, ifunge kwa khanga, iweke miguuni mwa mtoto, isimguse ngozi. Chai ya tangawizi kwenye chupa haipashi gari, lakini inanyamazisha malalamiko mpaka Mwiti. Na wewe dereva vaa koti zito na mzula mapema, kabla hawajapanda. Dereva aliyevaa kwa ajili ya baridi anaonekana anaijua njia. Anayetetemeka na shati anaonekana hajui gari lake.

Kuna njia moja ambayo hutaipata kwangu: jiko la mkaa ndani ya gari, hata dogo, hata kwa dakika chache, hata kama kioo kimoja kiko wazi. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Wanaoivuta husinzia na hawaamki. Ni vivyo hivyo kulala ndani ya gari lililowashwa huku bomba la moshi limetoboka. Bomba likianza kunguruma vibaya, au ukisikia moshi ndani unapowasha hita, fungua vioo vyote, zima feni, vumilia baridi hadi gereji. Katika hili sikuachii nafasi ya ujanja.

Nasisitiza haya yote kwa sababu ya safari ambazo hazikupangwa. Saa nane usiku jirani anagonga mlango: mama mjamzito amezidiwa, gari la karibu ni lako, na hospitali aliyoandikiwa ni Mkomaindo pale Masasi au Ndanda kwa Wabenediktini. Kichanga anapoteza joto haraka kuliko mtu mzima, na akizaliwa njiani kwenye kipupwe, ile rejeta ndogo nyuma ya dashibodi ni sehemu ya matibabu yake. Usiku huo hakuna wa kumwambia "inachukua muda kupata moto".

Kwa hiyo mwezi wa tano ukifika, shika ile mipira miwili. Kila wiki, hata Desemba, zungusha swichi ya moto mpaka mwisho na kuirudisha, valvu isigande. Blanketi moja likae nyuma ya kiti mwaka mzima. Na siku ukiliuza gari, mwashie mnunuzi hita akiwa amekaa ndani, mwache atoke jasho, ndipo utaje bei. Hapo una haki ya kuongeza.